Baiskeli ya Mau Narok Ianzie kwa Fundi

Tope la Mau Narok lina nyakati zake. Mvua inaponyesha huwa uji mwepesi: gurudumu hulirusha, na maji yanayofuata huliosha. Balaa huja baadaye, mvua ikishakatika na jua la saa nne kuanza kulikausha. Uji ule hugeuka ugali. Hushika tairi, hujaa kati ya tairi na foki, huziba madigadi, na baada ya mita mia mbili gurudumu halizunguki tena. Mwenye baiskeli hushuka, huokota kijiti, hukwangua, husukuma hatua ishirini, hukwangua tena. Mwisho huitia begani. Kilichonunuliwa kimbebe sasa kinabebwa.

Anayeijua ardhi yenyewe hashangai. Mau Narok iko juu ya safu ya Mau, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, katika eneo bunge la Njoro, Kaunti ya Nakuru. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano: ni laini, mweusi, na una rutuba inayolisha viazi, ngano, shayiri, karoti, minji na kabichi. Ukilowa huteleza kama sabuni. Ukikauka hupeperuka kama unga. Ni jamaa ya lile vumbi la Naivasha na Elmenteita ambalo madereva wa Safari Rally huliita feshifeshi. Mbio hizo zilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na mwaka 2024 zikasogezwa hadi Pasaka, masika yanapoanza. Tangu hapo timu kubwa za Ulaya na Asia zimejionea jinsi ardhi ya Bonde la Ufa inavyoweza kuwa vumbi asubuhi na tope jioni. Timu hizo huja na malori ya vipuri na mafundi waliosomea kila skrubu. Mwalimu anayetoka Sururu kwa baiskeli kwenda kazini ana fundi mmoja kwenye kibanda cha mabati, mwenye spana tano, karai la maji ya kutafutia pancha na kopo la grisi.

Fundi huyo ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza, kabla ya pesa kutoka mfukoni. Siku hizi mambo huenda kinyume. Mnunuzi hushuka Njoro au Nakuru mjini, huvutiwa na baiskeli inayong'aa yenye shokabu mbele na nyuma, gia 21 na jina kubwa la kigeni ubavuni, hulipa, hupanda nayo matatu hadi nyumbani, kisha miezi mitatu baadaye huipeleka kwa fundi ambaye hajawahi kukiona kipuri kinachotakiwa. Baiskeli huegemezwa ukutani. Kuku huizoea. Familia nyingi za nyanda hizi zina baiskeli moja ya namna hiyo nyuma ya ghala, na ni hasara ambayo ingeepukika kwa swali moja: je, hapa kwetu itatengenezwa na nani, kwa kipuri gani?

Swali hilo wazee walikuwa na jibu lake, nalo lilikuwa Black Mamba. Baiskeli ile nyeusi, nzito, ya magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma badala ya kebo, imebeba maziwa, mahindi, wagonjwa na maharusi katika nusu ya Kenya. Ndiyo iliyozaa bodaboda kule Busia, watu walipokuwa wakivushwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kila fundi anaijua gizani. Lakini Busia ni tambarare, Mau Narok ni milima. Ukikanyaga Black Mamba mzunguko mmoja, gurudumu la nyuma husafiri karibu mita tano. Hiyo ni raha kwenye barabara iliyonyooka, na ni adhabu kwenye mlima wa tope. Breki zake nazo hubana rimu za chuma zilizopakwa kromu, na kromu ikilowa huteleza. Kumshusha mtu mwenye mzigo kutoka Mau Narok hadi Likia kwa breki hizo, kukiwa na ukungu, ni kumtakia mabaya.

Ndipo inapokuja baiskeli ya milimani, ile ambayo watu huiita kwa mkato baiskeli ya gia. Asili yake yafaa kukumbukwa, kwa kuwa haikuzaliwa kiwandani. Vijana wa Kaunti ya Marin, jimbo la California nchini Marekani, walichukua baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito na zenye matairi manene, wakaanza kushuka nazo milima kwa kasi. Shindano lao la kwanza kwenye mteremko wa karibu na mji wa Fairfax lilifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Breki zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, na zilipata moto kiasi cha kuchoma grisi yote, hata ikabidi habu ifunguliwe na kujazwa grisi upya baada ya kila mshuko. Kutokana na kazi hiyo mteremko wenyewe ukaitwa Repack. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo, na mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza Stumpjumper iliyotengenezwa kwa wingi. Kwa maneno mengine, baiskeli ya milimani ni mtoto wa baiskeli nzito ya kazi, aliyelelewa na watu waliokuwa tayari kuchafua mikono yao kwa grisi. Mkaazi wa Mau Narok anayehitaji chombo cha kumfikisha kazini ana haki ya kuirudisha kwenye asili hiyo.

Airudishe kwa kuanza na nafasi. Kabla ya kuangalia gia, rangi au bei, mnunuzi achuchumae na kupitisha vidole kati ya tairi na fremu. Kidole kimoja kila upande na viwili juu ni kipimo cha chini kabisa kwa tope la majivu ya volkano. Aangalie foki ya mbele, kisha nyuma, pale nguzo mbili za fremu zinapokaribiana karibu na kanyagio, maana huko ndiko ugali wa tope unakoanzia kujazana. Baiskeli nyingi mpya za bei ya chini zimewekewa tairi pana ili zionekane na nguvu, zikamaliza nafasi yote. Kupunguza tairi kutoka inchi 2.3 hadi 1.95 kunaweza kuiokoa baiskeli ambayo ingekwama kila wiki. Madigadi marefu ya bati, yale ya kukumbatia gurudumu, yanafaa mjini. Huku juu afadhali ya plastiki, mafupi, yaliyo mbali na tairi, yanayong'oka kwa mkono.

Tairi lenyewe liwe na meno marefu yaliyoachana. Meno yaliyosongamana hushika udongo na baada ya hatua kumi yanakuwa kama hayapo. Kuna ubishi wa zamani kuhusu tairi jembamba na pana, na kila upande una haki mahali pake. Pale ambapo chini ya tope kuna moramu, kama kwenye barabara nyingi za kaunti, tairi jembamba hupasua tope na kushika ardhi ngumu. Katikati ya mashamba ya viazi ambako hakuna chini, tairi jembamba hutitia. Inchi mbili ni maafikiano mazuri, na upepo upunguzwe kidogo siku za mvua ili tairi likanyage kwa uso mpana zaidi.

Kuhusu shokabu, ushauri ni mfupi: ziachwe. Shokabu nzuri ni ghali na inahitaji mafuta na mihuri ambayo haipatikani Mau Narok. Ile ya bei nafuu ni springi ndani ya bomba. Maji na udongo laini hupenya, kutu hushika, na baada ya misimu miwili foki haipandi wala haishuki. Uzito wake hubaki. Foki ngumu ya chuma haina la kuharibika. Kwa sababu hiyohiyo, baiskeli za mtumba kutoka Ulaya za miaka ya 1990, zenye fremu ya chuma, foki isiyo na shokabu na magurudumu ya inchi 26, ni hazina ambayo wanunuzi wengi huipita wakikimbilia rangi mpya. Chuma kikipasuka, fundi wa kuchomelea aliye karibu na soko atakiunganisha mchana huohuo. Alumini ikipasuka inahitaji mashine nyingine na ujuzi mwingine, na mara nyingi kinachobaki ni kuiuza kwa kilo.

Gia nazo zihesabiwe upya. Wauzaji husema 21 kana kwamba ni alama za mtihani, lakini hiyo ni hesabu tu ya sahani tatu za mbele mara saba za nyuma, na nyingi kati ya hizo zinafanana. Gia inayotafutwa Mau Narok ni moja: ile ya chini kabisa. Meno 28 mbele na 28 nyuma, kwenye gurudumu la inchi 26, humpeleka mtu takriban mita mbili kwa mzunguko mmoja wa kanyagio, chini ya nusu ya Black Mamba. Kwa mwendo huo mama mwenye kilo kumi za karoti kwenye karia anaweza kupanda mlima akiwa ameketi. Zaidi ya hapo, mfumo wa gia saba nyuma hutumia mnyororo wa kawaida unaopatikana hata Njoro. Baiskeli za kisasa za gia 11 au 12 zina mnyororo mwembamba na wa bei kubwa, na ukikatika Tipis hakuna wa kuuunga.

Kwa breki, aliye na uwezo achukue za diski, lakini zile zinazovutwa kwa kebo, si zile za mafuta. Diski iko katikati ya gurudumu, mbali na tope, nayo haili rimu. Breki za rimu zina ubaya wake: mchanga mwembamba ulionaswa kati ya mpira na rimu hufanya kazi ya msasa, na kila mshuko hunyoa alumini kidogo, hadi ukuta wa rimu unakuwa mwembamba na siku moja kupasuka kwa shinikizo la tairi. Ukipitisha ukucha ubavuni mwa rimu ukahisi bonde, rimu hiyo imekwisha. Mwenye diski naye ana deni lake. Pedi zake huja kwa maumbo mengi yasiyoingiliana, na masika hula pedi upesi, kwa hiyo anunue jozi mbili za akiba siku ileile anayonunua baiskeli na kuziweka kabatini pamoja na kitambulisho chake.

Hadi hapo ni kuchagua. Kinachoua baiskeli huku, hata hivyo, ni kile kinachofanyika jioni.

Mtu amefika nyumbani saa kumi na mbili na nusu, amechoka, kuna baridi, na kinachomvutia ni moto wa jikoni. Baiskeli hulala na tope lake. Usiku umande huishukia, na asubuhi mnyororo una rangi ya chungwa. Dakika kumi zingetosha: lita mbili za maji kwenye kopo, brashi ya kufulia kwa fremu na matairi, mswaki mkuukuu kwa meno ya gia na pedi za breki, kisha kitambaa kikavu. Kazi hiyo ifanywe tope likiwa bado bichi, kwa sababu udongo huu ukikauka ndani ya mnyororo hugeuka simiti laini. Jambo la kuepukwa ni bomba la kuoshea magari. Vijana wengi hupitisha baiskeli pale kwa shilingi chache na kuiona imetakata, bila kujua kwamba maji ya nguvu yamesukuma mchanga kupita kwenye mihuri hadi kwenye gololi za habu na za kanyagio. Nje inang'aa, ndani inasagika.

Kisha yaja mafuta, na hapa mazoea ya miaka mingi yanahitaji kupingwa waziwazi. Mafuta machafu ya injini, yale yaliyomwagwa kutoka pikipiki, hutumiwa kila mahali kupaka minyororo ya baiskeli kwa kuwa ni ya bure. Yamejaa masizi na chembe za chuma zilizonyolewa kwenye injini. Kuyapaka kwenye mnyororo ni kuupaka msasa wa maji. Grisi nayo, ambayo ni dawa kamili ya habu, ni sumu kwa mnyororo wa njia ya tope: hukaa nje, hunasa mchanga, na kuuvuta ndani kila kiungo kinapopinda. Chupa ndogo ya mafuta mapya ya injini, kama hakuna ya baiskeli, hukaa miezi mingi. Tone moja juu ya kila kiungo, kanyagio izungushwe mara kumi, kisha mnyororo ufutwe kwa nje hadi uonekane mkavu. Mafuta yanayohitajika ni yale yaliyo ndani. Yanayoonekana ni mtego wa udongo.

Hata ukitunzwa, mnyororo hurefuka, kwa sababu pini zake huliwa. Kuna kipimo ambacho kila nyumba yenye futikamba inaweza kukitumia. Kiungo kizima cha mnyororo, chembamba na kipana kwa pamoja, kina inchi moja. Viungo 12 vya mnyororo mpya basi vina inchi 12 kamili, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho. Ikifika inchi 12 na moja ya kumi na sita, mnyororo ubadilishwe. Ikifika 12 na moja ya nane, umeshakula meno ya gia, na mnyororo mpya utaruka juu yake kila mlima unapopandwa, kwa hiyo vyote viwili vitanunuliwa. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni unene wa sarafu tu, lakini kwa pesa ni tofauti ya kununua kipuri kimoja au viwili. Ni ajabu, na inasikitisha, kwamba kipimo rahisi namna hii hakifundishwi popote ambapo watoto wanaotegemea baiskeli wangekisikia.

Habu za kawaida, zenye kikombe na koni, ni rafiki wa fundi. Hufunguliwa kwa spana nyembamba, zikaoshwa kwa mafuta ya taa, zikapangwa gololi upya katika grisi safi: kwa kawaida tisa za robo inchi kila upande nyuma, na kumi ndogo zaidi kila upande mbele. Mara mbili kwa mwaka inatosha, kabla ya masika na baada yake. Siku hiyohiyo kebo zichomolewe kwenye mifuko yake na kufutwa kwa grisi kidogo, na nguzo ya kiti itolewe ipakwe nayo, maana nguzo ya alumini iliyokaa miaka miwili ndani ya fremu ya chuma yenye unyevu haitoki tena bila msumeno.

Lipo swali la haki ambalo msomaji wa Mau Narok atauliza. Baiskeli ya nini wakati bodaboda zimejaa? Tangu serikali ilipoziondolea kodi pikipiki zilizo chini ya cc 250 mwaka 2008, pikipiki imefika hadi vijiji ambavyo matatu hayajawahi kuvifikia, na hakuna anayetaka irudi nyuma. Gunia la viazi la kilo 50 ni kazi ya pikipiki, trekta au punda. Lakini kibarua anayeenda shambani kila siku, mwanafunzi wa kutwa, mhudumu wa afya wa kijiji anayetembelea nyumba ishirini, hawawezi kulipa nauli kwenda na kurudi siku sita kwa wiki. Septemba 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza nchini, na nauli ikapanda nayo. Watu hao leo hutembea. Baiskeli inashindana na miguu yao.

Kwa wanafunzi upo hata ushahidi. Katika maeneo ya mashambani ya Zambia, shirika la World Bicycle Relief liliwapa wasichana wa shule baiskeli, na watafiti wakawalinganisha na wasichana wa shule ambazo hazikupewa. Muda wa kwenda shule ulipungua kwa karibu theluthi, na siku za kukosa masomo zikapungua kwa zaidi ya robo. Katika jimbo la Bihar nchini India, mpango wa serikali ulioanza mwaka 2006 wa kuwapa wasichana pesa za baiskeli uliongeza uandikishaji wao katika sekondari kwa takriban asilimia 32. Shirika la World Bicycle Relief lina karakana Kisumu inakounganishwa baiskeli yake ya Buffalo, chuma kitupu, nzito, yenye breki ndani ya habu ambako tope halifiki, na karia ya kubeba kilo 100. Kwa nchi tambarare za Nyanza ni chombo barabara. Kwa milima ya Mau inakosa gia ya kupandia, ingawa siku hizi lipo toleo lake lenye kasi mbili na minyororo miwili, linalobadilisha gia bila kebo hata moja. Kinachofaa kuigwa hapo ni zaidi ya baiskeli. Shirika hilo hufundisha mafundi wa vijijini na kuwapelekea vipuri, baiskeli isije ikafa kwa kukosa pini.

Watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, walilijua hilo bila kufundishwa. Chukudu yao, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio wala mnyororo, magurudumu yake yamevishwa vipande vya tairi kuukuu, hubeba mamia ya kilo za viazi na makaa juu ya mawe ya volkano. Ikivunjika, aliyeiunda yuko mtaa wa pili na mti uko shambani. Mji umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu.

Kenya nayo ina mfano wake, tena wa karibu. Huko Kikuyu, David Kinjah alianza kuwafundisha vijana kuendesha baiskeli za milimani kwenye vijia vya udongo vya kijiji, na pamoja na kuendesha akawafundisha kuzifungua, kuzisafisha na kuziunda upya kutokana na vipuri vilivyotupwa. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Magazeti yameandika sana kuhusu Froome. Kibanda cha Kinjah, ambapo kijana asiye na ada ya chuo hutoka na kazi mkononi, kimeandikwa kidogo kuliko kinavyostahili.

Serikali ya Kaunti ya Nakuru haihitaji sheria mpya ili kuleta kibanda cha namna hiyo juu ya Mau. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti barabara za kaunti na vyuo vya ufundi vya vijiji, yaani njia inayopitiwa na mahali pa kumfundishia fundi. Vyuo hivyo hufundisha ushonaji, uchomeleaji na magari. Kozi fupi ya baiskeli ingeingia hapo bila jengo jipya, ikihitaji stendi kadhaa za kushikilia fremu, vifaa vya kukata mnyororo na kunyoosha rimu, na sanduku la vipuri. Serikali ya kitaifa nayo ina deni. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka baiskeli za umeme katika kiwango sifuri cha VAT, hatua nzuri, lakini baiskeli ya kukanyaga kwa miguu haikuguswa, ingawa ndiyo ambayo kibarua wa Mau Narok anaweza kuifikia. Barabara zenyewe zikichongwa mitaro na kuwekewa kipande cha kando kilichomwagwa moramu iliyoshindiliwa, hata upana wa mita moja, waendao kwa miguu na kwa baiskeli wangepita siku ambazo malori ya viazi yamekwama katikati.

Wanafunzi wa kozi hiyo ya baiskeli wasingehitaji kungoja vifaa vifike kutoka Nairobi ili waanze. Masika huingia Machi. Wiki mbili kabla yake, watoke na futikamba wapite kwenye baiskeli zilizoegeshwa nje ya shule, zahanati na vituo vya kukusanyia maziwa kati ya Likia na Mau Narok, wapime viungo 12 vya kila mnyororo, waandike ni mingapi imepita moja ya kumi na sita, wapitishe ukucha kwenye kila rimu. Orodha hiyo ndiyo itakayomwambia mwenye duka la vipuri Njoro alete nini, na kiasi gani, kabla mvua haijanyesha.